Mtutu wa Baba, Jicho la Shangazi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla hujafika ukurasa huu, nakusamehe. Nitakukumbusha upesi, maana leo mambo ni mengi.

Mimi ni msusi. Baba yangu alipofariki, kila mtu alitegemea bunduki ya ukoo iende kwa kaka yangu, kwa sababu ndiye mkubwa, ndiye mwanamume, na ndiye mwenye sauti. Kaka ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake wamempachika jina la Breki, kwa kuwa ndilo neno pekee wanalolisikia kwake kutwa nzima.

Lakini baba alishasema mbele ya watu, akili zake zikiwa timamu kabisa: "Bunduki apewe binti yangu. Huyu ana mikono ya kutunza."

Kaka alicheka, akidhani mzee anatania. Mzee hakuwa anatania. Nikaenda kuomba kibali, ofisa akaniuliza kama nimegombana na mume wangu, nikamwambia bado, akanipa. Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa, ukisikia bunduki usikimbie. Yetu ni nyembamba, ya risasi ndogondogo, na babu alipewa alipokuwa mlinzi wa ghala la mbegu ili atishe panya na ndege. Kwa jinsi ninavyoijua historia yetu, imewahi kuua ndoo moja, taa ya lori la tajiri wake, na jogoo wa jirani. Jogoo mwenyewe hakupigwa. Alikufa kwa mshtuko.

Nyumbani tunaiita Mzee Mwembamba. Risasi hatuna hata ya dawa. Za mwisho baba alizirudisha mwenyewe kituo cha polisi. Kilichobaki ni kazi ya kumtunza, na kazi hiyo ina masharti yake. Risasi za bunduki hii hugongwa ukingoni, si katikati kama za zile kubwa. Ukivuta kifyatulio bila kitu ndani, pini inakwenda kugonga chuma cha mtutu wenyewe na kukitia pengo. Baba alinifundisha hayo kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Nataka niliseme hili wazi: nilimpenda sana baba yangu. Nikishika kile kitako naona vidole vyake. Sina kitu chake kingine.

Na kukipoteza ilikuwa rahisi mno, kwa sababu ya sheria ya babu.

Babu alichoka kuona wanawe wakigombea bunduki, akaweka mchungulio. Kila mwaka shule zikifungwa tunakutana sebuleni kwa mwenye bunduki. Komeo lake, yaani kile chuma cha nyuma chenye mkono kama cha kufungia mlango, linatolewa na kuwekwa mezani. Kisha mkubwa kuliko wote katika ukoo anachungulia mtutu kwa nyuma, mdomo wa mtutu ukielekea dirishani. Akiona mwanga na chuma kinang'aa, bunduki inabaki. Akiona giza, inahama. Anachungulia mtu mmoja tu, na hakuna rufaa.

Mwaka huu mchungulio ulipangwa Jumapili, na zamu ilikuwa ya kuja kwangu, kwa mara ya kwanza. Na kaka alishatangaza kila mahali kwamba akiipata ataitoboa matundu aichomelee juu ya geti la shule yake, ili wanafunzi wajue hapa hapana mchezo. Mtutu wa baba utobolewe, unyeshewe mvua, ndege waunyee! Usingizi ulinikimbia.

Balaa lilianza na mafuta.

Mafuta ya bunduki aliyoacha baba yaliisha. Nikajiambia, mafuta ni mafuta. Nikachukua yale mazito ya kulainishia nywele, nikampaka Mzee Mwembamba kuanzia kitako hadi mdomoni, nikamlaza kwenye benchi la chumba cha nyuma, nikarudi kumpunguza mteja nywele. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote.

Niliporudi, bunduki ilikuwa imeota ndevu.

Nywele zilikuwa zimeingia hadi ndani ya mtutu. Nikafunga kitambaa kwenye kamba, nikapitisha kamba ndani, nikavuta, kama baba alivyokuwa akifanya. Ila baba alitumia kitambaa laini chembamba, na mimi kwa haraka zangu nilikata kipande cha taulo. Kikafika katikati kikagoma. Nikavuta. Kamba ikakatika.

Mume wangu ni fundi wa magodoro, mtu mpole sana, na nadhani ni kwa sababu ya kufanya kazi karibu na usingizi. Akanikuta nimekaa sakafuni.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha."

"Mbona unalia sasa?"

"Taulo limekwama."

Akavua koti. "Taulo? Vitambaa na pamba ndiyo kazi yangu hiyo. Sogea."

Akaleta sindano yake ya magodoro, ile ndefu inayopitisha uzi upande mmoja hadi wa pili. Akaiingiza. Ikaingia vizuri sana.

"Itoe," nikamwambia.

"Naitoa."

"Mbona haitoki?"

"Inafikiria."

Mpaka jioni ilikuwa bado inafikiria. Kesho yake nikapata wazo la kulainisha lile taulo kwa mvuke. Saluni nina mashine ya mvuke, ile kofia kubwa ya kuingizia kichwa, na pembeni yake ninayo ya pili. Mteja alikuwa chini ya ile ya kwanza, kafumba macho, anajisikia raha. Nikaingiza mtutu kwenye ya pili, nikawasha.

Mteja akafumbua macho. Akamwona jirani yake.

"Jamani, zimependeza!" akapiga kelele. "Nywele zimependeza! Asante sana, Mungu akubariki!"

"Mama, sijamaliza—"

"Zimekwisha! Zimependeza!"

Akatoka mbio na rola zote kichwani. Mpaka leo hajarudi, na rola zangu nazo hazijarudi.

Kilichotuokoa ni chuma cha pazia. Tulimimina dawa ya kulainishia nywele ndani ya mtutu, tukaacha ilowe, kisha mume wangu akashika kitako mimi nikasukuma kile chuma chembamba kwa mbele. Ikatoka sindano. Likatoka taulo. Kikatoka na kipande cha chanuo, ambacho hakuna kati yetu aliyekiri kukiingiza.

Sasa nilihitaji mafuta ya kweli, ya chuma. Nikampigia simu shangazi.

Shangazi ni dada yake baba, mkubwa wa ukoo mzima, na ni fundi cherehani. Anaishi peke yake katika nyumba yake, cherehani yake ikiwa dirishani, na ukimwambia aje kukaa na wewe anakuuliza umeona amevunjika wapi. Akasema mafuta ya cherehani anayo, atayaleta mwenyewe.

Alipoingia saluni alisimama mlangoni, akatazama kaunta, uso ukamkunjamana.

"Siku hizi watu wazima hawaamkiwi?" akasema.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikachungulia kuona anayesemwa ni nani.

"Wewe binti, nasema na wewe! Umenitolea macho tu kama mjusi. Kwenu hamna wakubwa?"

Alikuwa anakigombeza kichwa cha wigi.

Nikatoka. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwambie huyu mteja wako hana adabu."

"Shangazi," nikasema taratibu, "hicho ni kichwa cha plastiki."

Akanyoosha mkono, akashika pua ya kile kichwa, akaipapasa. Kisha akakaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona shangazi kama mtu mdogo.

"Ni mtoto wa jicho," akasema. "Yote mawili. Naona mwanga na vivuli. Kushona nashona kwa mikono, mikono inajua."

"Twende hospitali, shangazi."

"Nitakwenda siku nitakayotaka mimi. Lakini kaka yako asijue. Akijua atanibeba kwenda kwake siku hiyohiyo, na yule mkewe atanilisha kwa kijiko huku ananipigapiga mgongo. Mwanangu, heri nipapase mlango wangu mwenyewe. Niapie."

Nikaapa. Nikiwa naapa, hesabu ikaniingia kichwani. Mchunguliaji wa Jumapili alikuwa yeye.

"Na mchungulio, shangazi?"

"Mtutu umeusafisha?"

"Nitausafisha uwe kioo."

"Basi nitasema ni kioo. Kuna shida gani?"

Nikamkumbatia. Niliona mambo yamekwisha. Kumbe yalikuwa yanavaa viatu tu.

Jumapili ikafika. Mtutu ulikuwa unang'aa hadi aibu. Mume wangu alichungulia asubuhi akasema anamwona jirani anaanika nguo, na akataja rangi za nguo.

Kaka akaja na gari la shule, lile lenye herufi kubwa juu ya paa, akiwa amempakia shangazi mwenyewe. Akamshika mkono kumwingiza sebuleni, akamsalimia kila mtu kwa bashasha ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Shangazi akae hapa," akasema, akisogeza kiti. "Pale dirishani jua litamchoma."

Nilishukuru moyoni kwamba kaka amekuwa mtu mwenye huruma. Kweli mimi ni mjinga.

Mume wangu akatoa komeo, akaliweka mezani. Nikampa shangazi bunduki mikononi. Akaipapasa kitako, akatabasamu, akaiinua jichoni kama baba alivyokuwa akifanya, mgongo umenyooka.

Akaielekeza kabatini.

Dirisha lilikuwa kushoto kwake. Pale alipozoea kukaa miaka yote, dirisha lipo mbele. Lakini kiti kilikuwa kimesogezwa, na mbele yake sasa palikuwa na lile kabati letu kubwa jeusi la nguo, lililokosa nafasi chumbani.

Nikangoja aseme "kioo". Ndivyo tulivyokubaliana.

Shangazi akaganda. Akahamisha jicho la kulia, akaweka la kushoto. Nilimwona midomo ikicheza, na nikajua kinachompita moyoni, kwa sababu ni mtu asiyeweza kusema uongo juu ya bunduki ya baba yake. Hata vivuli hakuviona. Alijua macho yake huona mwanga. Kwa hiyo kama mwanga haupo, basi mtutu umeziba.

"Mwanangu," akasema kwa huzuni, "mbona ni giza?"

"Giza?" kaka akaruka.

"Giza totoro. Sioni hata tone la mwanga. Nilitaka kukusaidia, lakini baba yangu ananiona huko aliko."

"Lakini shangazi," mume wangu akaanza, "mbona umeelekeza—"

Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa kisigino cha kiatu cha Jumapili.

"—umeelekeza mawazo yako vizuri," akamalizia, machozi yakimlengalenga.

Wasomaji wangu, mnaelewa nilipokuwa? Neno moja tu, "Shangazi, dirisha liko kushoto," na bunduki ya baba ingebaki kwangu. Lakini neno hilohilo lingemwambia kila mtu kwamba shangazi haoni. Nilikuwa nimeapa. Nilimtazama yule mama aliyenishonea gauni la shule, nikaitazama bunduki.

"Ni kweli," nikasema. "Nimeshindwa kuitunza. Kaka, ichukue."

Mume wangu akanitazama kama mtu aliyeamka kwenye godoro lisilo lake.

Kaka hakungoja neno liishe. Alikuwa ameshashika karatasi na kalamu.

"Basi kesho asubuhi naenda kubadilisha kibali. Shangazi, kwa kuwa bunduki iko mikononi mwako, hebu tusomee namba iliyochongwa hapo juu ya mtutu, niiandike."

"Nitasoma mimi," nikadakia.

"Wewe tulia. Umeshashindwa. Tunataka mkubwa wa ukoo, mwenye jicho kali. Shangazi, soma."

"Imechakaa hiyo namba," shangazi akasema.

"Haijachakaa. Soma hata moja."

"Nimeacha miwani."

"Miwani? Tangu lini una miwani?"

Kaka alikuwa ameinama mbele yake anatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda. Shangazi akapitisha kidole juu ya mtutu, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Akainua kidole puani, akanusa. Kisha akaushusha mdomo wake kwenye tundu la nyuma ya mtutu, akapuliza.

Upepo ukatoka upande wa pili bila kizuizi. Pazia la mlangoni likacheza.

Shangazi akatega sikio. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimekaa nikitazama wapi?"

Nikamtazama mume wangu.

"Nakuuliza wewe. Nimetazama wapi?"

"Kabatini, shangazi."

"Ukaniona?"

"Nikakuona."

"Ukanyamaza, ukakubali kuitoa bunduki ya baba yako?"

"Nilikuapia."

"Mjinga wewe," akasema, sauti ikakatika, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. "Mjinga kabisa. Kama baba yako tu."

Nikalia na mimi. Mume wangu naye akalia, ingawa nadhani yeye ni kwa ajili ya mguu.

Shangazi akainua uso. "Haya, nyote sikilizeni. Sioni. Sioni namba, sioni mtutu, na wewe Breki nakutambua kwa harufu ya petroli. Mtutu huu ni safi, hauna kutu wala kizuizi, kosa ni la macho yangu. Na mchunguliaji akikosea akajisahihisha kabla hajainuka kitini, neno la mwisho ndilo neno. Ndivyo baba yangu alivyosema, na nilikuwepo. Bunduki ni ya binti huyu."

Akapapasa hewa, akanipata goti, akamlaza Mzee Mwembamba mapajani mwangu. Nilimshika kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Sijawahi kufurahi hivyo tangu tumzike baba.

Halafu nikamtazama kaka.

Hakuwa amekasirika. Hakuwa hata ameshtuka. Alikunja karatasi yake vizuri, akaitia mfukoni, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Asante shangazi," akasema. "Nilishashuku zamani, ila nilitaka useme mwenyewe, mbele ya mashahidi. Leo unahamia kwangu."

"Sihami."

"Mtu asiyeona haishi peke yake. Mimi ndiye mkubwa baada yako, na nimeamua."

"Atakaa kwangu!" nikasema.

"Kwetu?" mume wangu akauliza. "Wapi? Kabatini?"

"Sikai kwa mtu!" shangazi akapaza sauti. "Nina nyumba yangu, na nguo za watu zinanisubiri. Nirudisheni kwangu."

Kaka akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Niliutambua kwa ule uzi mwekundu shangazi alioufunga ili asiupoteze.

"Ulipokuwa unavaa asubuhi niliuchukua," akasema. "Nguo zako ziko kwenye buti la gari. Kitanda kitafuata kesho. Huna haja ya kurudi kule."

Shangazi akawa kama hakusikia vizuri. Mikono yake ikaanza kutafuta kitu mapajani, ikakunja sketi, ikaikunjua.

"Na cherehani yangu?"

Kaka akakohoa. "Cherehani... kwa hali yako ungejichoma sindano bure. Nimempa mke wangu."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani, nikausikia kila unapogonga.

Shangazi akainuka. Alinyooka, mtu yule, nikamwona tena mrefu kama nilivyomjua. Akavua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni.

"Mwanangu, nipe hiyo bunduki."

"Shangazi, haina risasi."

"Sikuomba risasi."

"Hata komeo liko mezani—"

"Kitako chake ni cha mbao gani?"

"Mninga."

"Nipe."

Sijui kwa nini nilimpa. Akaishika kwa mtutu, mikono miwili, kitako juu, vile mtu anavyoshika mchi. Mume wangu akazama chini ya meza pamoja na komeo lake. Kaka alirudi nyuma kwa kunyata, akakanyaga zulia, akasimama, akabana pumzi. Yule mwenye sauti katika ukoo wetu, anayepiga kelele mchana kutwa hadi magari yanasimama, hakutoa hata mlio.

Shangazi akageuza sikio upande huu, akageuza upande ule. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia uzi wa rangi fulani:

"Mwanangu, kasimama wapi?"

Kaka akanitolea macho, akitikisa kichwa, mikono ameifumbata kifuani kwa kuniomba.

Na mimi nilikuwa namwona vizuri sana.